Mvuje na Ukwaju wa Nirmala, Kutoka Garsen Hadi Mombasa

Mmeniuliza mtoni, mmeniuliza kwenye kwaya, na Ruthu aliniuliza hata kanisani watu wakiwa wamefumba macho: "Dorkasi, Mombasa ilikuwaje?" Kila mara nimejibu "nzuri tu," kisha nikaangalia miguu yangu. Mnanijua. Maneno yangu hupita kwenye kalamu, kwenye mdomo hukwama. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na mkimaliza msinitanie mbele ya watu.

Habari za ruhusa na nauli naziacha. Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba nisafiri chini ya macho ya mwinjilisti wetu, yule tunayemwita Mwalimu, ambaye alikuwa anakwenda Mombasa kwa mkutano. Mnamjua naye. Akikohoa tu, kwaya nzima hukaa wima.

Golbanti hadi Garsen

Tuliondoka kwa mtumbwi wa mjomba. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na kwenda juu kulikuwa kazi ya kusukuma kwa pondo na kuhema. Viboko walitukawiza kwenye kona moja. Mjomba aliwangoja kama mtu anayengoja wazee wamalize kikao.

"Una haraka gani, mwanangu?" aliniuliza, maana nilikuwa nasimama na kukaa.

"Nirmala anaondoka Jumamosi, Mjomba."

"Anakwenda wapi?"

"Uhindi."

"Atarudi lini?"

Nikachota maji kwa kiganja, naye akashika pondo lake.

Garsen, nyuma ya duka

Duka la Bibi Shanta ninyi mnalijua kwa sukari na mafuta ya taa. Mimi nalijua kwa upande wa nyuma, penye jiko la udongo na sanduku la bati la viungo. Mama yangu alikuwa akimpelekea Bibi ukwaju, ufuta na kunde, na akiwa na shughuli zake Garsen aliniacha pale na Nirmala. Nirmala ni mjukuu wa Bibi. Mama yake alikufa kwa homa yeye akiwa bado ananyonya, na Bibi, mama wa baba yake, ndiye aliyemlea. Tulikua pamoja juu ya magunia yale, yeye akinifundisha kukunja chapati, mimi nikimfundisha kuogelea, na wote wawili hatukufundishika vizuri.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa kuvipanga viungo. Wenyeji wa Uhindi upande huu, wageni upande ule, na Bibi ndiye hakimu.

"Pilipili manga?"

"Mwenyeji. Mtu wa kusini yule, ana hasira."

"Manjano? Tangawizi?"

"Wenyeji, na ni ndugu."

"Bizari nyembamba? Giligilani?"

"Hao walitoka pande za Waajemi. Lakini walikuja zamani mno, ugeni wao umesahauliwa."

"Nyanya?"

"Mgeni!" Bibi alikuwa akisema kwa sauti kama anafukuza kuku. "Bibi yangu mimi alikuwa haweki nyanya kwenye chakula cha kuwakumbuka wafu. Wafu hawaijui. Watakaa kula, watauliza, hii nyekundu ni nini?"

Siku moja Nirmala alijiweka mwenyewe kati ya marundo mawili akauliza, "Na mimi, Bibi?" Bibi akamwambia, "Wewe pepeta mchele."

Nilipoingia sekondari nilimletea Bibi habari mpya kutoka kwa mwalimu wetu wa jiografia, kwamba pilipili nyekundu, viazi na nyanya vyote vilitoka Amerika, na Wareno ndio waliovisambaza. Viazi na nyanya alikubali. Pilipili alikataa kabisa. "Mwalimu wako alikuwepo?" Nikamwambia na hili, kwamba ukwaju nao, ambao Wahindi wanautia katika kila mchuzi, asili yake ni huku Afrika. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi miaka yote mama yako ananiuzia nini mimi? Mali yenu, nikisema ni yetu!"

Mwaka jana baba mdogo wa Nirmala alimchukua Mombasa ajifunze kushona na kukaa kama msichana wa mjini. Sasa walikuwa wanampeleka kwa dada ya mama yake, katika mji ambao Nirmala hajauona hata kwenye picha. Kila mtu alijua mwisho wake ni kuolewa huko.

Safari hii nilipofika nilimkuta Bibi ameketi na miguu imevimba, haingii kwenye viatu. Kwa lori hawezi tena. Alikuwa amefunga furushi la kitambaa cha kijani.

"Dikri," akasema. Ndivyo wanavyomwita binti kwao, na mimi ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Dikri, asiondoke mikono mitupu. Asipande meli kama mtu asiye na kwao. Mpe hili mkononi. Usimpe baba yake mdogo, usimpe mke wake. Mkononi mwa Nirmala."

Alinifungulia nione. Ukwaju wa kwetu, uliobanwa kama matofali madogo. Kunde. Ufuta. Pilipili kavu. Na kikopo cha bati, ambacho nilikijua kabla hajakifunua, kwa sababu pua haisahau. Mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka.

"Nilikuja nao nilipoolewa," akasema. "Ni bonge la mwisho. Tumbo likimchafuka baharini, atie kidogo kwenye maji ya moto."

"Huu ndio wa kwenu hasa, Bibi."

"Wapi! Baba yangu aliununua kwa Waafghani, walioushusha milimani kwa ngamia. Wahindi tunaula kila siku, na hakuna Mhindi anayeupanda." Akafunga kikopo. "Lakini ulipita nyumbani kwetu. Upite tena."

Kwenye udongo mweusi

Lori lilikuwa la ngozi na mahindi, dereva akiitwa Salimu, mtu wa Malindi. Juu tulikuwa mwinjilisti, mimi, na mama mmoja aliyeitwa Mama Rukia, aliyebeba mtoto mchanga. Njia ya Garsen kwenda Malindi mnaisikia tu. Mvua ikinyesha, udongo ule mweusi hauvumilii gurudumu. Tukiwa bado mbali na Gongoni lori lilikwama, likalala upande kama ng'ombe aliyechoka, na Salimu akashuka, akaliangalia, akavua kanzu, akaivaa tena.

"Leo hatutoki," akasema. "Labda kesho jua likitusaidia."

Moyo wangu ulizama kuliko magurudumu. Ilikuwa Alhamisi.

Hapo ndipo jua lilipotoka mawinguni likaupata mvuje. Lilichemsha kikopo ndani ya furushi, harufu ikatoka, ikazishinda hata ngozi. Ninyi mnaujua mvuje wa pwani: hufungwa kwenye kitambaa, mtoto akavishwa asiguswe na pepo wabaya. Mama Rukia alinusa, uso wake ukafunguka.

"Mwanangu, una mvuje! Mzuri huo, si kama wa sokoni. Nigawie kipande nimfungie huyu, anashtuka-shtuka usingizini."

Mwinjilisti akageuka taratibu.

"Dorkasi. Umebeba nini?"

"Chakula, Mwalimu."

"Chakula?"

"Cha Bibi Shanta."

"Huyu mama anataka kumfungia mtoto shingoni, wewe unaniambia chakula?"

"Shingoni hapana," Mama Rukia akasema, akidhani ananisaidia. "Mkononi. Na kidogo chini ya mto."

Mwinjilisti alinyosha mkono. "Baba yako alinikabidhi mtoto wa kanisa. Sikukabidhiwa mtu wa hirizi. Kitupe, au narudi nawe Golbanti kwa miguu."

Najua mngetaka kusikia nilijibu vizuri. Nililikumbatia tu furushi, machozi yakaja. Nirmala alikuwa anaondoka, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope, mdomo umefungwa kama kikopo. Salimu ndiye aliyesema:

"Mwalimu, kama ni chakula, apike. Tukifa utajua ni hirizi, tukishiba utajua ni chakula."

Basi nikapika. Nilichemsha kunde kutoka kwenye furushi, kwa sufuria ya Salimu na maji yake. Kunde hazina haraka, na sisi siku ile hatukuwa nayo. Salimu alikuwa na debe la samli aliyonunua kwa Waorma. Kunde zilipoiva niliyeyusha samli, nikatia chembe ya mvuje, ndogo kama kichwa cha kiberiti, vile nilivyomwona Bibi akifanya. Mara ile harufu ikageuka. Sijui niwaelezeje. Unanuka kama kosa, lakini ukikutana na samli ya moto unakuwa kama kitunguu kilichokaangwa na mtu anayekupenda. Nikamwaga juu ya kunde, nikatia pilipili na ukwaju kidogo.

Salimu alikula. Mama Rukia alikula. Mwinjilisti alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaonja, akapeleka sahani tena.

"Kitunguu umekitoa wapi?" akauliza.

"Hakuna kitunguu, Mwalimu."

Akatafuna. "Wahindi ni watu wa ajabu. Na hii pilipili yao…"

Sijui kilichonipata. Labda ni shibe. Nikasema, "Si yao, Mwalimu. Ilitoka Amerika na Wareno."

"Sasa Wahindi walikuwa wanakula nini?" akauliza Salimu.

"Pilipili manga na tangawizi."

"Na muhogo wetu sisi?"

"Nao Amerika."

"Mahindi haya niliyopakia?"

"Nayo."

"Ndizi usiniambie!"

"Ndizi zilitoka mashariki, upande wa Uhindi na mbele yake."

Mwinjilisti akaweka sahani chini. "Mtoto huyu atatuacha na maji ya mto tu!"

"Na kunde," nikasema. "Kunde ni za kwetu. Zilitoka huku zikaenda Uhindi."

"Alhamdulillahi," akasema Salimu, akakomba sufuria.

Kabla hatujalala nilimpa Mama Rukia kipande chake kwa siri. Mwinjilisti aliona, akageukia upande wa pili, akaanza kuimba wimbo wa zaburi.

Malindi

Tulitolewa na trekta ya mkulima mmoja siku ya Ijumaa, jua likiwa juu. Malindi tulifika matope yamekauka nyusoni. Mama Rukia hakukubali nilale mahali pengine isipokuwa nyumbani kwake. Asubuhi kabla ya mwanga alinipa mahamri na mbaazi za nazi. Mbaazi zile! Mpaka leo nikifumba macho naziona.

"Kula, mwanangu. Hizi hutazipata kwa Mhindi yeyote. Mbaazi ni za Waswahili tangu Adamu."

Mwalimu wetu wa jiografia alisema mbaazi zilitoka Uhindi. Nilimwangalia Mama Rukia, mikono yake ina unga mpaka kwenye viwiko, mtoto amelala mgongoni na kitambaa kidogo cheusi mkononi, ametulia kabisa. Nikasema, "Ndiyo, Mama," nikaomba nyingine.

Kilifi na Mtwapa

Jumamosi ilitukuta Kilifi, kwenye foleni ya kivuko. Magari ya Wazungu yalipita kwanza, halafu ya wenye haraka, halafu sisi. Mtwapa kivuko kilivutwa kwa mikono na watu wanaoimba. Abiria wengine walipiga makofi. Mimi nilikuwa nasema moyoni, imbeni kidogo, vuteni zaidi. Maji ya bahari yalikuwa buluu, kweli, mazuri. Niliyachukia. Hayo ndiyo yangemchukua.

Mwinjilisti aliniona natafuna ncha ya kitambaa.

"Huyo Mhindi wako," akasema polepole, "ni rafiki hasa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakukohoa. Alimwendea Salimu, wakasemezana, na tulipoingia Mombasa lori halikwenda kwanza kwa wenye ngozi. Lilikwenda mtaa wa Wahindi likanuka mtaa mzima.

Mlango wa nyuma

Nyumba ya baba mdogo ina ghorofa. Mlango wa mbele ulikuwa umejaa wageni wenye sari na suti, na gari jeusi limefunguliwa buti. Nilisimama. Ningeweza kupita katikati yao. Ruthu angepita. Mimi nilizunguka nyuma.

Mke wa baba mdogo alikuwa mlangoni pa jiko, ana jasho, funguo kiunoni.

"Wewe ndiyo msichana Kazungu alisema? Mbona nachelewa hivi? Ingia, osha mkono, saga pilipili. Upesi, upesi!"

Nikafungua mdomo. Akanionyesha jiwe la kusagia, akaondoka, nami nikaweka furushi karibu na mguu wangu, nikapiga magoti, nikasaga pilipili.

Msinicheke. Nilisema nafsini, nikimaliza pilipili nitasema. Nikamaliza, nikapewa viazi. Juu ya kichwa changu nilisikia sakafu ikilia kwa nyayo za watu, na mara moja, katikati ya sauti nyingi za Kigujarati, nilisikia kikohozi cha Nirmala. Ana kikohozi chake kifupi, akiwa na hofu. Mikono yangu ikasimama. Kisha ikaendelea kumenya.

Kazungu alirudi kutoka sokoni na kapu la maua. Ni mpishi wao, Mgiriama, mtu mzima mwenye mvi. Akaniangalia.

"Wewe si yule niliyemwita. Wa wapi?"

"Garsen," nikanong'ona. "Nimemletea Nirmala mzigo kutoka kwa bibi yake."

"Mungu wangu. Na unamenya viazi?"

"Hawakuniuliza."

Alicheka bila sauti, akafuta macho kwa aproni. "Sikiliza, binti. Nikienda kumweleza bibi mwenye nyumba, ataniuliza maswali mpaka meli ifike Bombei. Sasa hivi wataita maziwa ya mgando na sukari. Kwao mtu hatoki kwenda safari ndefu bila kulishwa kijiko cha mgando. Huwa napandisha mimi." Akaniwekea bakuli la fedha mikononi. "Leo pandisha wewe. Mzigo utie kwapani."

"Siwezi."

"Basi kaa, umenye viazi."

Nikapanda.

Kijiko

Nirmala alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, amevalishwa sari ya manjano. Walikuwa wamempaka rangi nyekundu kwenye paji la uso. Hakuinua macho. Niliona amekonda. Mke wa baba mdogo alinyosha mkono apokee bakuli, na Nirmala akaona vidole vyangu, vyekundu kwa pilipili.

"Dorka?"

Alisema kwa Kiswahili chetu cha Garsen, kwa sauti kubwa, na watu wote wakageuka. Baadaye Kazungu aliniambia kwamba katika nyumba ile walikuwa wamemkataza Kiswahili, isipokuwa kuagiza jikoni.

"Dorka, Bibi yuko wapi?"

"Miguu," nikasema. "Lakini amenituma."

Mke wa baba mdogo alikuwa ameshashika kijiko. Nirmala akafunga mdomo wake kama mtoto anayekataa dawa. Wakasemezana kwa lugha yao, haraka, na mimi nikielewa neno moja moja. Kisha Nirmala akasema kwa Kiswahili, nadhani makusudi, ili nami niwe ndani:

"Desturi ni mama anilishe. Mama sina. Bibi yuko Garsen. Huyu ametoka kwa Bibi. Atanilisha yeye."

Mimi si mjinga. Najua watu wangapi katika chumba kile hawajawahi kula kutoka mkono kama wangu. Mke wa baba mdogo alimtazama mumewe, na mumewe akatazama saa yake, akatazama dirisha.

"Alishwe," akasema. "Meli haingoji mtu."

Nilichota kijiko. Nirmala akafungua mdomo. Akameza, na machozi yakaanza kumshuka, akacheka, akawaambia wote, "Ni pilipili ya vidole vyake." Wakaamini waliotaka.

Nikatoa furushi kwapani, nikamwekea mkononi. Baba mdogo akafunua pembe ya kitambaa, akacheka si kwa ubaya.

"Mnapeleka ukwaju Uhindi? Huko miti yake imejaa kando ya barabara, mwanangu."

"Hiyo siijui," Nirmala akasema. "Huu naujua."

Halafu yakawa mambo ya mizigo na ngazi. Kwenye gari hapakuwa na nafasi, na kweli haikuwepo, nilihesabu vichwa kwa macho. Alinishika kiwiko, akaniambia kitu ambacho sitakiandika hapa, kisha akawa nyuma ya kioo, na furushi la kijani kwenye magoti. Bandari sikuiona. Meli sikuiona. Mkiniuliza Mombasa, nitawaambia jiko lina madirisha mawili na ngazi ni za mbao.

Kazungu alinipa puri, vichapati vyao vya kukaanga, na vile viazi nilivyomenya mwenyewe, nikakaa kwenye kizingiti cha nyuma. Viazi vya Amerika, pilipili ya Amerika, bizari ya Uajemi, unga wa ngano wa sijui wapi. Nilikula vyote. Honi ya meli ilipolia, Kazungu alifunga maji ya bomba ili nisikie vizuri.

Kile kijiko nilichomlisha sikukiona tena kati ya vyombo tulivyoosha, na sikuuliza kama walikitupa.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa kavu na sina la kusema juu yake. Mwinjilisti alinunua vitunguu Malindi, akalalamika njia nzima kwamba havina ladha.

Bibi Shanta nilimkuta palepale nyuma ya duka. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za furushi, kwamba kunde zilipungua na mvuje ulikatwa kipande. Hakuuliza hayo. Alinikalisha kwenye gunia la mchele, akaniangalia kwa muda.

"Mgando walimpa?"

"Walimpa, Bibi."

"Nani alimlisha? Mke wa mwanangu?"

"Hapana. Mimi."

Nje mtu alikuwa anagonga mezani akitaka sukari, akagonga tena, Bibi hakugeuka. Akanyosha mkono wake mkavu.

"Mkono gani?"

Nikampa wa kulia. Aliugeuza kiganja juu, akautazama kama anavyotazama mchele kabla ya kuupima, kisha akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, kama mtu anayefunga kitu kisimwagike, akaushika hivyo kwa mikono yake miwili. Hakuuachia mpaka mjomba alipoita kutoka mtoni kwamba mtumbwi uko tayari.